Kupe Walioshuka na Mabegi

Kazi ya kuburuta shuka porini niliipata kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo sifa pekee waliyoiulizia. Daktari wa mifugo, mama mmoja mwembamba anayetembea haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni, alikuja kijijini kwetu, upande wa Mkange, akitafuta mtu anayeyajua mapori na mwenye nafasi. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia mapori wanayajua wengi, ila mwenye nafasi ni mmoja tu. Wakaja nyumbani wakanikuta nimelala.

Elimu yangu niliishia kidato cha pili. Watu husema nilifeli, mimi husema mimi na shule tuliachana kwa kuelewana. Kwa hiyo Daktari alipoanza kunieleza habari za utafiti wake, nilikuwa natikisa kichwa kila aliponyamaza kuvuta pumzi, na kumbe kwa kutikisa huko nilikuwa nakubali mambo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua shuka jeupe la kitambaa kizito, upana wake kama mkeka wa mtu mmoja, unalifunga kwenye kijiti, unaliburuta taratibu juu ya majani. Kupe anakaa kwenye ncha ya jani amenyoosha miguu ya mbele, anasubiri apite mwenye damu. Shuka likipita anadhani ni ng'ombe, anadaka. Ukienda kidogo unasimama, unaligeuza, unawaokota kwa kibano, unawatia kwenye kichupa chenye spiriti, unaandika kwa penseli mahali na siku. Basi. Hata mimi niliona hapo hakuna pa kukosea.

Nikakosea siku ya kwanza. Nilitoka asubuhi na shuka langu begani, nikaenda kando ya makaburi kwa sababu huko ndiko majani yameshiba, nikaanza kuburuta. Kina mama waliokuwa wanakwenda kuchimba mihogo wakaniona. Sasa wewe fikiria, mwanamume mzima, peke yake, ubavuni mwa makaburi, anaburuta kitu kama sanda, amekiinamia, anakisemesha. Mimi nilikuwa nahesabu kupe kwa sauti, lakini wao wangejuaje. Saa nne habari ilikuwa imefika kijijini kwamba nimechanganyikiwa. Saa sita ilikuwa imefika kwamba nimefukua. Mke wangu alinisubiri mlangoni na sharti moja, kwamba kitambaa kile hakitaingia ndani ya nyumba yake, na mimi nitafikiriwa nikishaoga.

Kwa hiyo shuka la utafiti likawa linalala kwenye banda la mbuzi. Ilichukua siku nne Daktari kugundua kwamba kupe wa mbuzi wangu walikuwa wanapanda shuka usiku na asubuhi wanahesabiwa kama kupe wa porini. Hakunigombeza. Alikaa chini tu, akavua kofia, akamwaga vichupa vya siku nne. Nikamwambia Daktari, angalau tumejua mbuzi wangu wana kupe. Akasema hilo lilikuwa halihitaji utafiti.

Sababu ya haya yote ni kwamba ng'ombe walikuwa wanakufa. Sio wengi, maana sisi watu wa huku si wafugaji hasa. Mtu ana mbuzi wake wanne, ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, na mihogo yake na mikorosho. Dada yangu mkubwa alikuwa na ng'ombe wawili. Mmoja akavimba tezi chini ya sikio, akashikwa homa, akawa anahema kama aliyekimbizwa, na siku ya nane akafa. Afisa mifugo akasema ni ndigana kali, na ndigana kali huletwa na kupe. Dada alimlilia yule ng'ombe kuliko alivyomlilia mume wake wa kwanza, na alikuwa na hoja, kwa sababu ng'ombe alikuwa analeta kitu nyumbani.

Likabaki swali la kupe wenyewe wametoka wapi. Wapo waliosema zamani hawakuwepo kabisa, wapo waliosema walikuwepo ila wachache na wapole. Daktari naye alikuwa anaokota aina ambazo, kwa ramani zake, huku kwetu zilikuwa adimu au hazikutajwa. Imani yake ilikuwa moja. Kupe hasafiri, anasafirishwa, na msafirishaji mkubwa ni ng'ombe anayeswagwa kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Na kijijini kwetu ng'ombe walioswagwa kutoka mbali walikuwa wa mtu mmoja tu, naye ni mtani wangu.

Huyu bwana ni Msukuma. Alifika na familia yake na ng'ombe wake miaka kama saba iliyopita, akaja na barua zake zote, akapewa eneo nyuma ya lambo la kijiji. Analima mpunga na mahindi, na kiangazi ananywesha ng'ombe wake lamboni, maana maji mengine ya karibu ni ya baharini. Sisi Wakwere, na watu wa Pwani kwa jumla, tuna utani na Wasukuma na Wanyamwezi tangu enzi za wapagazi waliokuwa wanashuka na mizigo mpaka Bagamoyo. Utani ni haki. Mtani naweza kumtukana mbele ya wakwe zake, naye akanitukana mbele ya wangu, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Tukikutana asubuhi hatujuliani hali kama watu wengine. Yeye huniuliza kama bado sijafa, mimi namjibu kwamba namsubiri yeye atangulie akanishikie nafasi. Mke wangu, ambaye ametoka Kiwangwa na kwao wametulia, alichukua mwaka mzima kuamini kwamba hatuchukiani.

Wiki ya pili ya utafiti baba yangu mdogo akafariki. Daktari akaja msibani kama mtu muungwana, amejitanda kanga, akakaa na kina mama. Mtani naye akaja kufanya kazi yake, kwa sababu msibani mtani ana kazi, nayo ni kuwasumbua wafiwa mpaka wacheke. Wachimbaji walipomaliza tu, yeye akashuka akalala kaburini, mrefu vile, akajinyoosha. Akasema kaburi zuri, linamtosha yeye hasa, marehemu alikuwa mfupi atafutiwe dogo la saizi yake.

Mimi nilikuwa nimesimama na wanaume pale juu, kina mama wamekaa uani si mbali, wanasikia yote, na nikaona siwezi kuachia hivi hivi. Nikasema kwa sauti abaki humo humo, maana tangu aingie kijijini hatujapumua. Nikasema siku ng'ombe wake wanafika mimi nilikuwepo, nikawaona kupe kwa macho yangu wakishuka migongoni mmoja mmoja, na mabegi yao, mmoja ana kofia, wakauliza ofisi ya mwenyekiti iko wapi wapate kuandikishwa. Watu wakacheka. Hata dada, na ng'ombe wake hajamaliza mwezi, alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga.

Mtani akainua kichwa kutoka kaburini. "Kupe wenu tuliwakuta hapa wamekonda," akasema, "wamekaa njiani wanaomba sadaka. Tukawaonea huruma, tukawaletea ng'ombe."

Hapo maalim mwenyewe aligeuka akatazama minazi. Tukamzika baba mdogo, Mungu amrehemu, na machozi yaliyotoka siku ile yalikuwa ya aina mbili.

Kesho yake Daktari akaniita. Alikuwa na dodoso kwenye kishikwambi, maswali anayowauliza watu wote, na zamu yangu ilikuwa imefika. Akasema jana alisikia nikizungumza habari za ng'ombe wa yule mfugaji. Je, walipofika nilikuwepo? Nikasema nilikuwepo, na ni kweli. Je, kabla yao kulikuwa na kupe kijijini? Nikakunja uso nikafikiri, nikasema hata wa dawa. Je, niliwaona kupe kwenye ng'ombe wale? Nikasema niliwaona kwa macho yangu mawili wakishuka, na mmoja ana kofia. Akatabasamu, akabonyeza kioo, tukaendelea na swali la idadi ya mbuzi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile. Sababu ya kwanza ni kwamba matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na utani wa msibani hauvunjwi kesho yake kwa kujitia umakini. Ukiulizwa kama ni kweli, unaapa. Ndivyo tulivyokua. Sababu ya pili ni ya aibu zaidi. Maishani mwangu hajawahi kutokea mtu aliyesoma akaniuliza swali kisha akasubiri jibu, kidole kiko juu ya kioo, kama vile nikikohoa ataandika kikohozi. Nilipenda sana. Angeendelea kuniuliza ningemweleza mpaka majina ya kupe na koo zao. Na lile tabasamu lake nililichukua kama dalili kwamba ameelewa. Kumbe kwao, milimani huko, watani wao ni watu wengine, na yeye alidhani kofia ni namna yetu tu ya kuongea. Aliandika yote, akaacha kofia.

Masika yakapita. Yalipokatika akaja Profesa, mwalimu wa zamani wa Daktari, mzee wa miwani anayezungumza kama anayebembeleza mtoto alale. Nikawakaribisha chakula nyumbani, wali na samaki wa kupaka, na nikakaa katikati yao kama mwanasayansi wa tatu. Hapo ndipo nilipojua kwamba wataalamu nao hawakubaliani, isipokuwa wao wanabishana huku wanapeana mchuzi.

Daktari alisema kupe maisha yake yote, akienda kwa miguu, hatoki hapa akafika msikitini. Profesa akasema sawa, lakini ndege je? Kupe mchanga ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Anamganda kanga wa porini shingoni, au ndege wa safari ndefu, anakwenda kudondoka kwingine kabisa. Daktari akamwekea mzee kipande cha samaki, akamuuliza huyo aliyedondoka peke yake ataoa nani. Ili kupe waote mahali lazima wafike wengi, pamoja, wakute na wa kumnyonya, na hiyo ni kazi ya kundi la ng'ombe. Profesa akala kwanza. Kisha akasema kupe wanafika kila mwaka, kwa ndege, kwa nyati na swala wanaotoka upande wa hifadhi, kwa mbuzi wa sikukuu, na siku zote wengi wao wanakufa. Yeye halimsumbui swali la nani kawaleta. Linamsumbua swali la kwa nini sasa hawafi. Mvua hazina mpangilio, majani hayakauki kama zamani, na mashamba yaliyoachwa yamegeuka vichaka.

Halafu akasema jambo lililonifanya nisimamishe tonge hewani. Kuna aina moja, kupe wa kibuluu, ambayo wataalamu wengine wanadhani ilianzia huku pwani, huenda ililetwa na ng'ombe waliopakiwa vyomboni kutoka ng'ambo enzi hizo, halafu ndiyo ikapanda bara. Yaani kupe hao hawakushuka kwetu, walitoka kwetu. Daktari akasema kwa aina hiyo inawezekana, hana ubishi, ila kwa huyu kupe wa masikio, huyu wa ndigana, yeye haoni njia nyingine zaidi ya ng'ombe, na isitoshe anaye shahidi wa macho.

Profesa akauliza shahidi ni nani. Daktari akasema ni mkazi wa hapa hapa, ila kwa taratibu za utafiti hatajwi. Nikavutiwa sana. Nikakaa nawapitisha majirani kichwani mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani katika kijiji hiki mwenye macho ya kumwona kupe akishuka kwenye ng'ombe wa watu. Nikamshuku fundi baiskeli, maana anapenda kuchungulia. Naapa haki ya Mungu, sikujifikiria hata kidogo.

Kiangazi kikaingia na lambo likaanza kunywea. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa kijiji uwanjani pa shule, na ajenda ilikuwa moja, mifugo ya mfugaji iendelee kunywa lamboni au itafutiwe pa kwenda. Kila mtu alijua maana yake. Kufungiwa lambo mwezi ule ni kuambiwa uhame, uswage ng'ombe kwenye vumbi hujui unakwenda wapi, na watoto watolewe shule. Wengine walitaka hivyo kwa ajili ya maji, wengine kwa ajili ya mashamba, na dada yangu kwa ajili ya ng'ombe wake. Daktari na Profesa walikaribishwa kama wageni, wakapewa viti vya plastiki mbele.

Mtani alikaa chini upande mmoja, fimbo ameilaza mapajani. Nilimpungia mkono, nikamfanyia ishara ya kukatwa shingo, kama kawaida yetu. Hakujibu. Nikadhani hajaniona.

Mwenyekiti akasoma karatasi ambayo Daktari alikuwa ameiacha ofisini, ukurasa mmoja wa muhtasari. Alisoma majina ya kupe kwa tabu, akayaruka mawili. Akasoma kwamba chanzo bado kinachunguzwa. Lakini neno hilo halikumfikia mtu, kwa sababu sentensi iliyofuata ilisema shahidi mmoja, mkazi wa siku nyingi, alieleza kwamba kabla ya kundi hilo kufika hapakuwa na kupe kijijini, na kwamba aliwaona kwa macho yake wakishuka kutoka kwenye ng'ombe hao.

Kwanza nilicheka. Nilisikia "wakishuka" nikacheka kidogo kwa pua, kama mtu aliyekutana na nguo yake imevaliwa na mwingine. Kisha nikatambua kwamba maneno ni yangu. Nikamtazama Daktari, naye anatazama karatasi zake. Uwanja wote ukaanza kunung'unika, watu wakisema basi, shahidi yupo, tunangoja nini. Dada akasimama akasema yeye hana ugomvi na mtu, ila aliyeleta ugonjwa auondoe, na aondoke nao.

Mwenyekiti akamgeukia mtani akamuuliza kama ana la kusema.

Akasimama. Ni mtu anayechekesha hata akipiga chafya, lakini siku ile uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa. "Sina maneno mengi," akasema. "Huyo shahidi asimame tu nimwone."

Nikakaa kidogo. Nitasema ukweli, nilikaa zaidi ya kidogo. Nilikuwa na kila sababu ya kubaki chini: hakuna aliyejua, taratibu za utafiti zinanificha, na kazi ya shuka nilikuwa nimeizoea, watu walikuwa wameanza kuniita mtaalamu bila kucheka. Lakini niliona namna alivyokuwa anazungusha macho, uso mmoja baada ya mwingine, akimtafuta adui yake, na kila alipofika kwangu alinipita. Mara mbili alinipita. Mimi hakunihesabu.

Nikasimama. Nikasema, "Shahidi ni mimi."

Watu wengine wakacheka, wakidhani ndiyo nimeanza. Nikawaambia sijaanza. Nikaeleza habari ya msibani, jinsi nilivyosema yale maneno na kaburi liko wazi na mtani yumo ndani, na wao walikuwepo, na walicheka. Nikaeleza kesho yake nilivyoulizwa na nilivyojibu. Nikamwambia Daktari kupe niliyemtaja alikuwa amevaa kofia, na kwamba mahali palipo na kofia hapana ushahidi.

Daktari akafunga kalamu.

Aliyesema ni dada. Alisimama polepole, akanitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa navaa kaptula. "Kwa hiyo ng'ombe wangu," akasema, "amekufa kwa utani?"

Nikamwambia dada, ng'ombe amekufa kwa kupe, na kupe sijui katoka wapi, hilo ndilo ninalolijua na ndilo nililopaswa kusema. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye alikuwa ananitazama, nikamkumbusha tulipokuwa wadogo tukichunga mbuzi wa bibi kwenye mapori ya kuelekea Makurunge. Tukirudi jioni bibi alikuwa anatuweka chini, anatupekua masikio na makwapa, anatutoa kupe anawaunguza kwenye kigae. Dada alikuwa na mmoja aliyeingia ndani ya sikio, bibi akamtia mafuta ya nazi mpaka akatoka. Wakati huo mtani wangu alikuwa bado hajui kama kuna bahari.

Dada alishika sikio. Hakukusudia, mkono ulikwenda wenyewe, na uwanja mzima ukauona.

Daktari ndipo alipoinua kichwa akaniuliza, kwa sauti ya kazini kabisa, hao kupe wa utotoni walikuwa wa rangi gani.

"Daktari," nikasema, "nilikuwa nalia."

Profesa akasema hilo ndilo jibu la kweli la kwanza alilolisikia tangu afike. Lakini akasema pia, na Daktari akatikisa kichwa kukubali, kwamba halithibitishi kitu. Wale wanaweza kuwa aina nyingine kabisa. Wenyewe wawili wanabishana juu ya jambo hili na hawajamaliza, na kijiji kisimhukumu mtu kwa ubishi ambao wenye nao hawajaumaliza.

Kisha Daktari akafanya kitu ambacho mpaka leo namheshimu. Alisimama na bado amenikasirikia, nilimwona mishipa ya shingo. Akasema yeye bado anaamini ng'ombe ndio wanaosafirisha kupe, habadilishi. Ila amepekua masikio ya mifugo yote ya kijiji, na ng'ombe wa mfugaji ndio waliokuwa na kupe wachache kuliko wote, kwa sababu anawaogesha kwa dawa kila wiki. Wenye kupe wengi ni wale wa wenyeji, ambao hawajawahi kuogeshwa tangu wazaliwe. Hakutaja mbuzi wa nani waliongoza. Hakukuwa na haja, nilikuwa nimesimama pale pale.

Mkutano ukaisha kwa uamuzi wa watu waliochoka na jua. Lambo lisifungwe. Kila mwenye mnyama, hata mwenye mbuzi mmoja, amwogeshe. Mfugaji, kwa kuwa ana bomba la mgongoni na anajua vipimo vya dawa, awafundishe wenzake. Dada alinyoosha mkono wa kukubali, nusu, kama anayejikinga na jua, na mwenyekiti akauhesabu.

Nikadhani mambo yamekwisha. Asubuhi yake nikakutana na mtani njiani, nikawa tayari nimeshaandaa tusi. Akavua kofia. Akasema, "Habari za asubuhi, bwana. Nyumbani hamjambo?" Nikabaki na tusi mdomoni. Nikamjibu hatujambo. Akasema anamshukuru Mungu, akapita.

Akaendelea hivyo siku zote. Alikuja kwangu akawaogesha mbuzi wangu, akanielekeza vipimo, akaniita bwana, akakataa chai kwa adabu. Nilijaribu kumchokoza. Nilimwambia ng'ombe wake wana sura ya baba yake. Akasema huenda. Mtu hajui maana ya kuadhibiwa mpaka mtani wake amjulie hali vizuri. Mke wangu, ambaye mwanzoni alishangaa kwamba hatuchukiani, sasa alinionea huruma kwa namna tunavyoheshimiana.

Daktari hakunifukuza. Alisema mtu anayekiri kosa mbele ya kijiji kizima anaweza kufundishika, ila dodoso langu lazima lirudiwe upya, na safari hii mbele ya yule ninayemtaja. Kwa hiyo tukakutana kule kwa mtani, kando ya zizi, watu watatu juu ya gogo. Daktari akafungua kishikwambi. Akamuuliza mtani kwanza, alifika lini, alipitia njia gani, ng'ombe walikaguliwa wapi. Akajibu yote kwa utaratibu, akaonyesha na barua.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwepo walipofika? Nilikuwepo. Kabla yao kupe walikuwepo? Walikuwepo wa aina fulani, sijui aina gani. Walikuwa wengi au wachache kuliko sasa? Sijui. Niliwaona kupe kwenye ng'ombe wale? Sikuangalia, nilikuwa naangalia ng'ombe. Kwa maoni yangu kupe hawa wametoka wapi? Nikafikiri kwa uaminifu, nikapita kwa Daktari, nikapita kwa Profesa, nikapita kwa bibi na kigae chake. Nikasema sijui.

Daktari alikuwa anaandika "sijui" ya tatu. Mtani alikuwa anachonga kijiti. Bila kuinua uso akamwambia Daktari aandike vizuri, aandike kwa wino usiofutika, maana huyu kichwa chake ni kama debe la mwaka juzi, hakijawahi kutoa jibu sahihi hata moja, na leo yametoka matatu mfululizo, huenda ni dalili ya kufa.

Nikamwambia nikifa asinilalie kaburi langu, atalinukisha ng'ombe.

Akasema kaburi langu hata halilaliki, ni fupi, litamkunja magoti.

Daktari alituangalia mmoja baada ya mwingine, kidole kiko juu ya kioo, akauliza kwa tahadhari kubwa kama hayo nayo ayaandike. Tukamwambia hapana, wote wawili kwa pamoja. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia. Mke wangu aliponiona uso akaniuliza nimepewa nini huko kwa Msukuma, nikamwambia nimetukanwa, akaenda kubandika chai.